Eliya Alilala Kwanza: Neno kwa Wanaosomea Udaktari



Mpendwa kijana, leo tuongee na wale wanaosomea udaktari, pamoja na wewe unayeishi nao chumba kimoja au unayeimba nao kwaya moja. Watu wakisikia "daktari mtarajiwa" wanaona koti jeupe. Hawaoni saa nane za usiku, madesa ya anatomia mezani na hofu ya kudisko.

1. Mzigo wenyewe

Hapa Tanzania shahada ya udaktari ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini. Miaka ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, biokemia: majina yasiyoisha. Baadaye ni wodini. Asubuhi raundi, unaulizwa maswali mbele ya wenzako na mbele ya mgonjwa. Jioni unarudi hoi, na kesho kuna mtihani. Juu ya hayo yote kuna nyumbani. Shuleni ulikuwa wa kwanza, ukoo mzima umeshaanza kukuita daktari. Ukipata sapu moja tu, unaona umewaangusha wote.

Hauko peke yako. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi 43. Takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake. Kati ya hao, waliotafuta matibabu ni kama 16 tu katika kila 100. Hebu fikiri: wanaojifunza kuwatibu wengine, wenyewe hawaendi kutibiwa!

2. Mungu alimfanyia nini Eliya?

Soma 1 Fal 19:4-21. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli, sasa anamkimbia Yezebeli. Amechoka mno, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Angalia Mungu asichofanya: hamkemei, wala hamwambii kwamba imani yake ni ndogo. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate na maji. Eliya anakula, kisha analala tena! Anaamshwa mara ya pili, anakula, ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu. Huko Mungu anamrudisha kazini, na anampa mwenzake, Elisha.

Usingizi, chakula, mwenzake. Wito wa Eliya haukufutwa kwa sababu alichoka. Wa kwako pia haufutwi.

3. Basi tufanye nini?

*Lala.* Ubongo hutunza ulichosoma wakati umelala. Tena watafiti wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 hivi, utendaji wake hushuka kama wa aliyekunywa pombe. Kupiga msuli hadi alfajiri ya mtihani ni kujaza maji kwenye ndoo inayovuja.

*Kula.* Bumu likichelewa, usijifungie chumbani na njaa yako. Changeni, mpike pamoja.

*Sema.* Mwambie rafiki, padre mlezi au mshauri wa wanafunzi. Kama wiki mbili zimepita huna furaha na lolote, usingizi umekata, nenda ukaonane na daktari. Likija wazo la kujidhuru, usingoje hata kesho: mwambie mtu sasa hivi, akupeleke hospitali. Usiogope kwamba ni kukosa imani. Yoshua bin Sira 38 inatufundisha kusali tunapougua, na pia kumpa tabibu nafasi yake, maana naye ameumbwa na Mungu.

*Tenganisha matokeo na jina lako.* Sapu inasema kuna somo la kurudia. Haisemi wewe ni nani.

Tena, kujitunza ni sehemu ya udaktari wenyewe. Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu 1948, lilirekebishwa mwaka 2017, na sasa daktari anaahidi kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kuwahudumia wagonjwa vizuri.

Na ninyi mnaoishi nao: msiwe wa kwanza kuuliza, "Umepata ngapi?" Ulizeni, "Umekula?" Huenda wewe ndiye malaika wa kumgusa bega.

Maswali ya kujiuliza

- Wiki hii nimelala saa ngapi kila usiku?
- Ni nani anayejua hali yangu ya kweli?
- Je, yupo mwenzangu aliyeacha ghafla kuja Misa au kula nasi? Nimemtafuta?

Sala

Ee Bwana, uliyemlisha Eliya alipokata tamaa, waangalie ndugu zetu wanaosomea udaktari. Wape usingizi, mkate na rafiki wa kweli. Wakumbushe kwamba uliwapenda kabla hawajafanya mtihani wowote. Amina.

Mtakatifu Yosefu Moscati na Mtakatifu Gianna Beretta Molla, mliokuwa madaktari, mtuombee.