Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Kaunta ya Kemisti

Ninauza dawa Eastleigh, Nairobi, upande unaopakana na Pumwani. Jirani yangu anauza habasoda, sanamaki, manemane na ubani. Wateja wetu ni wale wale: akitoka kwake anaingia kwangu. Ndiyo sababu nikaanza kusoma waliyoandika watu wa kale kuhusu dawa.

1. Uliza kwanza mtu anatumia nini. Mzee mmoja wa Majengo, mgonjwa wa sukari, aliniambia, "Binti yangu, tembe nimeacha. Habasoda imenifaa." Kumbe kabla ya kuziacha, kwa wiki kadhaa alikuwa akitumia vyote viwili. Sasa kipi kilishusha sukari? Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, alilitatua hilo katika kitabu chake Qanun: dawa ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, na matokeo yajirudie, ndipo uisifu. Nilimpima mzee. Sukari ilikuwa juu. Alirudia tembe, na habasoda hakuiacha, ila sasa daktari wake anajua.

2. Sanamaki si majani ya chai. Kwa jina la senna, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tumbo inaliendesha kweli. Kuchota kwa vidole si kipimo.

3. Ulaghai ni wa kale. Katika karne ya 12 al-Shayzari aliandika mwongozo wa muhtasib, mkaguzi wa soko. Kasumba iliyochanganywa na mmea mwingine, alisema, iyeyushe katika maji. Ikinukia zafarani, umepunjwa. Siku hizi tunaletewa mafuta ya habasoda yasiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, kwa bei ya kutupa. Siyauzi. Wenzangu wanasema nina maringo, na waseme.

4. Mwaka 1260 al-Kuhin al-Attar, Myahudi mwuza dawa wa Kairo, alimwandikia mwanawe kitabu cha kuendesha duka: sharubati, mizani, uhifadhi, na dawa ipi ishike nafasi ya ipi ikikosekana. Hilo la mwisho nakutana nalo kila jioni. "Daktari, kama hiyo hakuna, nipe yoyote ya rangi mbili." Mimi si daktari, na rangi mbili si jina la dawa.

5. Sheria ya Famasia na Sumu ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1957, na kemisti halali huwa na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani. Isome kabla hujatoa pesa, hata ukiwa kwangu.