Moto wa Kambini

Tangu mwezi wa Juni mpaka mvua za Novemba watu wengi wa Kahama hulala porini. Wako warina asali waendao misitu ya Ushetu, wako wachimbaji wa dhahabu, wako na wachunga ng'ombe. Wote wahitaji moto wa kupikia na wa kuota. Lakini majira hayo ndiyo nyasi zimekauka, na miti imepukutisha majani. Cheche moja yatosha. Basi na tujifunze mambo manne.

Kwanza, tuulize kabla ya kuwasha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuchoma mimea kwa makusudi nje ya kiwanja au shamba la mtu pasipo kibali. Aendaye kambini aanze kwa mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya misitu, aulize: Je, moto waruhusiwa sasa, na mahali gani? Kuuliza si woga. Mwenyeji ajua mizinga imetundikwa wapi.

Pili, tuchague mahali palipo wazi, mbali na nyasi na magogo makavu. Tufagie majani hatua kadhaa kila upande mpaka udongo uonekane, kisha tuchimbe shimo dogo. Upepo ukivuma kwa nguvu, tule kiporo baridi.

Tatu, moto usiachwe peke yake. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulianza Whona, mahali pa kupumzikia wapandao Mlima Kilimanjaro. Wakuu wa hifadhi walieleza kwamba, kwa habari za kwanza, ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Apashaye chakula hakusudii mabaya. Lakini mamia ya watu walipigana na moto ule siku nyingi.

Nne, tuuzime kabisa. Wengi hufukia makaa kwa mchanga, wakaenda zao. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana kaa lililofukiwa hukaa na joto saa nyingi, na mzizi mkavu huweza kuuchukua moto chini ya ardhi. Tumwage maji, tukoroge, tumwage tena, halafu tukaribishe mgongo wa mkono. Joto likisikika, bado haujazimika. Mrina asali naye asitupe mwenge wake chini ya mti. Tena asiye na maji ya kuzimia, asiwashe.

Torati, katika Kutoka 22:6, yamtaka aliyewasha moto ukateketeza nafaka ya mwenziwe amlipe. Haiulizi kama alikusudia. Mzinga ulioungua ulikuwa ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji chetu, nani huulizwa habari za kibali cha moto?
2. Kwa nini kufukia makaa hakutoshi?
3. Mtu aliyeunguza mizinga ya jirani bila kukusudia, amfanyie nini?