MADA YA 9: Lugha za Kuunda Modeli na Usalama wa Mfumo wa Taarifa

Ukimaliza mada hii uweze kuchora visa vya matumizi vya mfumo wa taarifa, kumwonyesha mhalifu ndani ya mchoro, na kueleza ni kinga ipi inamzuia na kwa kiasi gani.

Modeli ni picha rahisi ya mfumo, inayochorwa kabla programu haijaandikwa. Fundi ujenzi ana ramani ya nyumba. Mhandisi wa mifumo ana michoro. Lugha ya kuunda modeli ni alama zilizokubaliwa pamoja na kanuni za kuziunganisha, ili mchoro uliochorwa Babati usomeke vilevile Dar es Salaam. Iliyoenea zaidi ni UML, iliyotokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson. Shirika la OMG liliipitisha kuwa kiwango mwaka 1997.

Shida ya michoro mingi ya wanafunzi ni kwamba inamwonyesha mtumiaji mwema tu. Tuione kwa mfano wa pesa za simu, huduma tuliyoizoea tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008.

Mfano. Mama anayeishi Magugu anamtumia mwanawe aliyepanga chumba Babati mjini shilingi 80,000 za chakula na kodi. Chora mstatili, huo ndio mpaka wa mfumo. Nje yake weka wahusika watatu: mtumaji, mpokeaji na wakala. Ndani weka duaradufu za visa vya matumizi: kutuma pesa, kutoa pesa, kuangalia salio, kubadili namba ya siri. Unganisha kila mhusika na visa vyake kwa mistari.

Sasa ongeza mhusika wa nne: tapeli. Mbinu hii inaitwa visa vya matumizi mabaya, na ilipendekezwa na Guttorm Sindre na Andreas Opdahl wa Norwei. Visa vya tapeli huchorwa kwa duaradufu nyeusi. Mshale unaotoka kwenye duaradufu nyeusi kwenda kwenye kisa halali huandikwa "hutishia". Mshale wa kinga unaoelekea kwenye duaradufu nyeusi huandikwa "hupunguza".

Tapeli wetu unamfahamu. Ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Anatuma ujumbe huo kwa watu wengi, na mmoja wao siku hiyo kweli alikuwa na hela ya kumtumia mtu. Hapa tulia kidogo, maana wengi hupapita. Mama akituma, namba ya siri ni sahihi, laini ni yake, na salio limepungua kwa amri yake mwenyewe. Hakuna kisa kilichovunjika. Hata usimbaji wa data uwe imara kiasi gani, hausaidii, kwa sababu aliyedanganywa ni mtu, si mtambo. Mchoro usio na tapeli ungeonyesha mfumo salama kabisa.

Kinga ni nini? Ongeza kisa "kuonyesha jina la mpokeaji", kisha chora mshale wa "hupunguza". Lakini mchoro wa visa hausemi kipi kinatangulia. Kwa hiyo chora pia mchoro wa mfuatano: mama anaingiza namba, kisha kiasi, mfumo unaleta jina, ndipo mama anathibitisha. Jina likija baada ya kuthibitisha, ni risiti tu. Kumbuka pia neno ni "hupunguza", si "huondoa". Kama mtoto ana mazoea ya kupokelea hela kwenye laini ya mwenzake, jina geni halitamshtua mama.

Tishio la pili ni mtu kurudisha laini ya mwingine kama vile ni yake, kisha kubadili namba ya siri. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, ulioanza mwaka 2019, ni kinga dhidi ya kisa hicho. Mwananchi naye hupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kuna hifadhi ya data ambayo karibu kila mwanafunzi huisahau: daftari la wakala. Lina namba za simu na kiasi, liko wazi mezani, na anayefuata kwenye foleni anaweza kulisoma. Katika mchoro wa mtiririko wa data lazima lionekane, hata kama si kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za mtu, ziwe za kielektroniki au za karatasi.

Kuhusu UMLsec ya Jan Jürjens, jua tu kwamba ni UML iliyoongezewa lebo za usalama, kama "usiri".

ZOEZI
1. Tofautisha kisa cha matumizi na kisa cha matumizi mabaya. (alama 4)
2. Chora mchoro wa mfuatano wa kutoa pesa kwa wakala. Onyesha hatua ambayo mtu aliyesimama nyuma anaweza kuona namba ya siri. (alama 8)
3. Shule inaweka matokeo kwenye kompyuta moja ya ofisini, na walimu wote wanatumia neno la siri moja. Chora visa viwili vya matumizi mabaya na kinga ya kila kimoja, kisha taja tishio ambalo kinga zako hazikulifikia. (alama 8)