Harufu Mbaya Katika Moshi wa Lori Kuukuu

Mwenye lori kuukuu huzoea mambo mengi. Huzoea mlango usiofungika vema, na klachi nzito, na taa iwakayo wakati ipendapo. Kwa hiyo siku moja moshi wa lori lake unapoanza kunuka vibaya, yeye husema, "Ndiyo mambo ya uzee," akaendelea na safari. Mwingine hufanya kinyume chake: hukimbilia dukani akanunua vyombo vipya kwa fedha nyingi, akavifunga, na harufu ikabaki vile vile. Wote wawili wamekosea. Wa kwanza aweza kupoteza injini yake, au hata roho za watu aliowachukua. Wa pili amekwisha kupoteza shilingi zake.

Somo letu la juma hili ni la kuwafaa wote wawili. Kila harufu ina asili yake, na mtu mwenye pua nzima, macho mazima na subira aweza kuikaribia asili hiyo kabla ya kufungua hata nati moja. Lakini katika moshi iko hewa moja isiyo na harufu kamwe, nayo ndiyo iuayo. Habari zake tutazieleza karibu na mwisho. Tafadhali usiache kusoma kabla ya kufika hapo.

JINSI INJINI INAVYOCHOMA MAFUTA

Injini ni kama jiko. Jiko likipata hewa ya kutosha huwaka vizuri; likizibwa hutoa moshi mwingi. Injini ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Hewa na petroli zikipatana hivyo, moshi hauonekani sana wala haunuki sana. Petroli ikizidi, nyingine hutoka nje haijaungua. Na kitu kisichopasa kufika penye moto, kama vile oili au maji ya rejeta, kikifika hapo huungua na kutoa harufu yake chenyewe. Basi harufu ni shahidi, na kazi yako ni kumsikiliza.

KABLA YA KUANZA

Simamisha lori mahali pa wazi penye upepo, wala si ndani ya banda. Piga breki ya mkono na uweke mawe penye magurudumu. Usilete sigara wala moto karibu. Usiinamishe uso wako kwenye bomba la moshi. Simama kando, hatua chache, harufu itakufikia. Kisha jiulize maswali matatu, na majibu yake uyaandike katika daftari:

1. Harufu yafanana na kitu gani?
2. Moshi una rangi gani?
3. Hutokea wakati gani: asubuhi injini ikiwa baridi, au mlimani lori likiwa na mzigo, au wakati wote?

Majibu haya matatu yatakuonyesha njia.

HARUFU YA PETROLI MBICHI

Ikiwa moshi ni mweusi na wanuka petroli, mafuta yamezidi hewa. Anza na chujio la hewa, kwa maana ni rahisi kulitazama. Barabara zetu za vumbi hulijaza upesi, na injini hukosa pumzi. Kisha tazama choki, kama imekwama pale pale ilipovutwa asubuhi. Baada ya hayo fundi atazame kabureta, kwa sababu boya lake likitoboka au sindano yake ikichakaa, petroli hufurika. Kwa magari ya baadaye yasiyo na kabureta, nozeli huweza kuvuja, au vipimo vya umeme huiambia injini uongo.

Lakini ikiwa injini inatetemeka pia, labda silinda moja haiwaki. Iko njia ya zamani ya kuitambua. Washa injini ikiwa baridi, uiache kwa muda wa dakika moja, kisha nyunyizia tone la maji juu ya kila tawi la chuma lipelekalo moshi kutoka kwenye silinda. Matawi ya silinda zinazowaka yatakausha maji upesi; tawi litakalobaki baridi ndilo la silinda iliyolala. Toa plagi yake uitazame. Plagi njema ina rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi na kavu yaonyesha petroli nyingi. Iliyolowa petroli haikuwaka. Iliyolowa oili yaonyesha ugonjwa mwingine tutakaoutaja. Usiendelee na safari ndefu katika hali hii, kwani petroli mbichi ikiwakia ndani ya bomba la moshi, bomba laweza kuwa jekundu kwa joto na kuwasha nyasi kavu chini ya gari.

HARUFU YA MAYAI VIZA

Harufu hii huwadanganya wengi, maana hutoka mahali pawili mbalimbali.

Pa kwanza ni betri. Betri ikitiwa umeme kupita kiasi, maji yake makali huchemka na kutoa hewa inukayo mayai viza. Kwa kuwa harufu huenea chini ya gari lote, dereva hudhani ni moshi. Pima kwa mita injini ikiwa inazunguka. Betri ya volti 12 hupaswa kuonyesha karibu volti 14. Ikipita 15, chombo cha kutia umeme kimeharibika. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, basi hesabu iwe maradufu. Ukiona betri imevimba au ni moto sana, zima injini, usiwashe kiberiti, wala usiiguse mpaka ipoe, kwa kuwa yaweza kupasuka.

Pa pili ni bomba la moshi lenyewe. Magari mengi ya petroli yaliyoundwa katika miaka ya karibuni yana chombo cha kusafisha moshi, ambacho mafundi wengine hukiita masega kwa sababu ya vitundu vyake vingi. Petroli ina salfa kidogo. Petroli ikizidi hewa, masega huigeuza salfa hiyo kuwa hewa ya mayai viza. Hapo ndipo watu hununua masega mapya kwa fedha nyingi, na baada ya muda harufu hurudi, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wa masega bali wa petroli kuzidi. Rudi kwanza kwenye sehemu ya petroli mbichi hapo juu. Gari lisilo na masega likinuka mayai viza, mshtaki betri kwanza.

HARUFU YA OILI INAYOUNGUA

Moshi wa buluu ni wa oili. Sasa wakati ndio utakaokupa jibu. Ukitoka asubuhi tu, injini inapowashwa, kisha ukakoma, mipira midogo ya valvu imekauka. Ukitoka hasa lori linapopanda mlima na mzigo, ringi za pistoni zimelika. Fundi aweza kuhakikisha kwa kupima nguvu ya mgandamizo katika kila silinda, kisha kutia kijiko cha oili katika silinda ya petroli iliyo dhaifu na kupima tena. Ikipanda, ringi ndizo zilizochoka.

Walakini usikimbilie kufungua injini. Tazama kwanza kama oili imejazwa kupita alama ya kijiti, na kama tundu la kupumulia injini limeziba. Makosa haya mawili huleta moshi ule ule, na kuyaponya hakugharimu sana. Tena, ikiwa harufu yatoka chini ya boneti na moshi wa nyuma ni safi, yamkini oili yadondoka tu juu ya chuma chenye moto.

HARUFU TAMU, NA MOSHI MWEUPE

Asubuhi ya baridi, kama kule Kinangop au Limuru, mvuke mweupe kwa dakika chache si ugonjwa. Lakini moshi mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamu, ni dawa ya rejeta inayoungua ndani ya silinda. Mara nyingi gasketi ya kichwa cha injini imepasuka. Lori linalotumia maji matupu halitatoa harufu tamu. Kwalo utaona maji yakipungua kila siku, mapovu katika rejeta, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Ukiona oili ya namna hiyo, usiendeshe lori tena mpaka litengenezwe. Na dawa ya rejeta ukiimwaga, usiiache katika karai: ni tamu, nayo ni sumu, na watoto na mbwa huweza kuinywa.

MOSHI WA DIZELI

Dizeli nayo ina dalili zake. Moshi mweusi waonyesha chujio la hewa lililoziba, nozeli mbovu, au mzigo uliozidi nguvu za lori. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua: injini ni baridi mno, au pampu inapeleka mafuta yakiwa yamechelewa, au mgandamizo umepungua.

Mtu asiseme kwamba ni kawaida ya dizeli kunuka hivyo. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya imepaswa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 katika sehemu 1,000,000. Ikiwa harufu ilianza mara baada ya kujaza tangi, fikiri habari ya mafuta yaliyochanganywa. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umezidi hata mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Nunua mahali pengine, ukalinganishe. Kadhalika kumbuka kwamba mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu moshi wa dizeli kuwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa wanadamu.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Sasa tumefika penye neno kubwa la somo hili. Katika moshi wa injini mna hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina ladha, haina harufu. Mtu akiivuta hushikamana na damu yake kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya hewa njema, na mwili hukosa pumzi ingawa kifua kinapanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Wengi hudhani ni uchovu wa safari, wakalala, wasiamke.

Kwa sababu hiyo, harufu ya moshi ndani ya chumba cha dereva si udhia tu bali ni onyo. Penye harufu ya moshi, na hewa hii ipo. Sikiliza injini ikiwashwa baridi, kama kuna mlio wa tik-tik penye maungio ya bomba. Tafuta masizi meusi palipo na ufa. Tazama matundu katika sakafu, na mipira ya pedali iliyotoka. Tena hakikisha bomba linafika mpaka ukingo wa lori. Likikatika katikati, moshi huingia chini ya turubali. Watu, na hasa watoto, wasichukuliwe nyuma chini ya turubali lililofungwa. Wala mtu asilale ndani ya gari lenye injini inayozunguka, hata kama usiku ni wa baridi namna gani.

Mtu akizimia, mtoe nje penye hewa safi mara moja, zima injini, umpeleke hospitali, hata kama amezinduka.

MWISHO WA SOMO

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fuata utaratibu: kwanza usalama wa watu, pili mambo ya bei ndogo kama chujio na plagi, mwisho kabisa kufungua injini. Na uendapo kwa fundi usimwambie tu, "Lori langu lanuka." Mpe daftari lako: harufu gani, rangi gani, wakati gani. Fundi mwema atakushukuru, na fundi mjanja hatapata nafasi ya kukuuzia usichohitaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Lori lisilo na masega lanuka mayai viza. Utatazama nini kwanza?
2. Moshi wa buluu hutoka asubuhi tu, kisha hukoma. Kasoro iko wapi?
3. Abiria wako asema kichwa chamuuma, naye anasinzia. Ndani mna harufu ya moshi. Utafanya nini?

Majibu: (1) Betri na umeme unaoingia ndani yake. (2) Katika mipira ya valvu. (3) Simamisha lori, zima injini, mtoe nje penye hewa safi, umpeleke hospitali kwa gari jingine. Lori lako lisiendeshwe tena mpaka uvujaji umezibwa.