Skrini ya Boti Ijaribiwe kwa Mkono Uliolowa

Mvua ya vuli ilitukuta tukiingia mlango wa Kinasi, kisiwani Mafia, maji yakiwa yanatoka kwa nguvu. Boti yetu ilikuwa ya faiba, ya mita saba, haina paa wala kibanda. Nahodha alikaa tezini ameshika mkono wa injini, na mbele yake, juu ya ubao wa kukalia, palifungwa skrini ya kugusa ya inchi 7 ambayo asubuhi tuliisifu sana. Matone yalipoanza kuigonga, ramani ikaanza kwenda yenyewe. Ikasogea mbali hadi Mafia nzima ikawa kama kucha, ikarudi karibu, kisha ikafungua ukurasa wa mipangilio ambao hakuna aliyeuomba. Nahodha akaifuta kwa kiganja, na kiganja nacho kimelowa, mambo yakazidi. Mwishowe akaiacha. Akamwambia kijana aliyekuwa omoni, "Tazama rangi ya maji, unielekeze kwa mkono." Tukapita salama.

Fundi aliyeikagua baadaye hakukuta kasoro yoyote. Kioo cha aina hii hubeba umeme mdogo sana, na kidole kinapogusa, umeme ule hubadilika pale pale. Ndivyo kifaa kinavyojua umegusa wapi. Maji nayo, hasa ya chumvi, hupitisha umeme. Tone likitua kwenye kioo, skrini huweza kulihesabu kuwa ni kidole, na matone kumi yakawa vidole kumi. Dukani, mbele ya feni na mikono mikavu, hutaliona jambo hili kamwe. Kwa hiyo, unapokwenda kununua skrini ya kuongozea boti ndogo ya wazi, nenda na chupa ya maji yenye chumvi kidogo na kitambaa. Mwombe muuzaji aiwashe, nyunyiza matone juu ya kioo, kisha jaribu kuvuta ramani karibu na kuweka alama. Muuzaji anayekijua kifaa chake hatakataa, maana kimetengenezwa kwa ajili ya baharini.

Jambo la kwanza ninaloliangalia mimi, kabla ya ukubwa na kabla ya bei, ni vitufe. Zipo skrini za kugusa tupu, na zipo zenye kugusa pamoja na vitufe vya kubonyeza. Raymarine Axiom ya kawaida, kwa mfano, huendeshwa kwa kugusa tu, lakini Axiom Pro ina vitufe na kirungu cha kuzungusha pembeni. Lowrance HDS nayo ina vyote viwili. Kwenye boti kubwa yenye kibanda, tofauti hii ni ya starehe tu. Kwenye boti ya wazi ni suala la usalama. Mtu akianguka majini usiku, jambo la kwanza ni kuweka alama mahali alipoangukia kabla mkondo haujamchukua. Kazi hiyo ni ya kitufe kimoja ambacho kidole gumba kinakijua hata gizani, hata kikiwa na damu ya samaki au mafuta ya injini. Ukiwa na vitufe, unaweza pia kufunga kioo kisipokee mguso wakati wa mvua, na bado ukaendelea kukuza ramani na kuisogeza. Kama fedha haitoshi kupata vyote viwili, nashauri bila kusita: chukua ya inchi 5 yenye vitufe tupu, uache ya inchi 9 ya kugusa tupu.

Jua ndilo adui wa pili. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na skrini nyingi nzuri za baharini huandikwa niti 1000 au zaidi. Usiishie kwenye maandishi ya boksi. Itoe nje saa sita mchana, uisimamishe kama itakavyokaa kwenye boti, utazame kama unaweza kusoma tarakimu za kina bila kuikinga kwa mkono. Wanaovaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji wawe nayo siku hiyo, kwa sababu baadhi ya skrini huwa nyeusi kabisa ukizitazama kwa miwani hiyo huku umeinamisha kichwa upande. Angalia pia kama mwangaza unashuka vya kutosha kwa safari za alfajiri. Skrini inayowaka sana gizani hulipofua jicho lililokwisha kuzoea giza, na mtumbwi usio na taa utaukuta uko mbele yako tayari.

Kuhusu maji, utaona alama kama IPX7 au IPX6. IPX7 maana yake kifaa kilizamishwa kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30 kikasalimika. IPX6 hupimwa kwa kurushiwa maji ya bomba lenye nguvu, na hilo linafanana zaidi na wimbi la kusi linalopiga ubavuni. Alama moja haimaanishi nyingine, basi tafuta chenye zote ikiwezekana. Chumvi hupenda kuanzia kwenye mlango wa kadi na kwenye soketi za nyaya nyuma, kwa hiyo chunguza mpira wa mlango ule: ukiwa mgumu au umejikunja, rudisha.

Sasa umeme, na hapa wengi hununua kwanza wakafikiri baadaye. Injini nyingi ndogo za kuvuta kamba hazichaji betri. Skrini ya inchi 7 yenye kipima kina, mwangaza ukiwa juu, hula kama ampea 1 kwa volti 12. Betri ndogo ya ampea-saa 7, ile ya kufungwa kwenye king'ora, haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, maana yake itakupa saa tatu na nusu hivi. Anayetoka alfajiri kurudi alasiri anahitaji kubwa zaidi, au betri ya lithiamu inayovumilia kutumiwa karibu yote. Na kama injini yako ni ya kuwasha kwa swichi, ipe skrini betri yake peke yake. Zikishirikiana, kila unapopiga stata umeme hushuka, na skrini huzimika na kuanza upya. Weka fyuzi kama kitabu cha kifaa kinavyosema.

Nikija kwenye chati, naomba msomaji atulie nami kidogo. Kifaa kilichonunuliwa Dubai au kuletwa na ndugu kutoka Marekani kinaweza kuja na ramani za huko, na pwani yetu ikaonekana kama mstari mmoja wa kijani na bahari tupu. Ulizia kabla ya kulipa: kinakubali kadi ya chati ya Afrika Mashariki, na kadi hiyo inapatikana? Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio uweke kina kwa mita, au kwa pima kama ndivyo ulivyozoea, kwa sababu 3 za futi, 3 za mita na 3 za pima ni bahari tatu tofauti. Kumbuka pia kwamba kina kilichoandikwa kwenye chati ni cha maji kutoka sana. Kwenye pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, kipwa kile kile unaweza kukipita asubuhi ukiimba, na mchana kikakung'oa propela.

GPS yenyewe hukosea mita chache tu. Lakini mwamba uliochorwa kwenye chati ulipimwa na watu, na wengine walipima zamani sana. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani hii miaka ya 1820 kwa bildi, na mafungu ya mchanga hayakungoja chati mpya ili yahame. Tahadhari nyingine ni kwa anayenakili namba za mahali kutoka ramani za nchi kavu za Kenya na Tanzania. Nyingi zimejengwa juu ya kipimio kiitwacho Arc 1960, ambacho kinapishana na kile cha GPS kwa takriban mita 300. Mita 300 kwenye mlango wa mwamba ni kuukosa mlango wenyewe.

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla ni akiba nzuri sana, nami huibeba. Ila juani hupata joto ikazimika, na kioo chake kikilowa kina tabia ile ile tuliyoiona Kinasi.

Unapofunga, chagua kishikio cha kuchomoa ili skrini ilale nyumbani, na uiweke mbali na dira ya sumaku kwa umbali ulioandikwa kwenye kitabu chake, la sivyo sindano itapotoka. Jioni imwagie maji baridi kwanza, ndipo uifute. Ukifuta ingali kavu, chembe za chumvi hukwaruza kioo kama msasa. Petroli na spiriti usizisogeze karibu nacho.

Baada ya hapo, ngoja siku ya bamvua maji yakiwa yametoka, vichwa vya miamba viko nje unaviona. Pita polepole kwenye njia yako ya kila siku, simama kando ya kila mwamba na kila fungu, na uweke alama yako mwenyewe. Linganisha alama hiyo na chati inavyosema, na palipo na tofauti, fuata ya kwako. Zihifadhi alama zote kwenye kadi, na nakala moja uiache nyumbani.