Soma Karatasi Kabla ya Kutia Dole

Wengi wetu katika kijiji hiki ni wakulima. Lakini jembe peke yake halitoshi kila mwaka. Mvua ikikosekana, watu huenda kutafuta mshahara. Wengine huenda kwenye mashamba makubwa ya mkonge, chai au miwa. Wengine huenda mjini kufanya kazi za nyumbani. Kila mmoja wao siku moja atawekewa karatasi mbele yake na kuambiwa, "Weka dole hapa."

Somo hili linahusu karatasi hiyo. Tuanze na hadithi. Ni hadithi ya mfano tu, lakini mambo yake yanaweza kumpata mtu yeyote.

KARATASI YA SAIDI

Saidi alikuwa mkata mkonge katika shamba moja mkoani Tanga. Alifanya kazi hapo miaka 4. Alilipwa kila mwisho wa mwezi. Saidi hakujua kusoma. Siku alipoajiriwa hakupewa karatasi yoyote. Aliambiwa tu, "Kesho njoo na panga lako."

Asubuhi moja msimamizi alimwambia, "Kesho usije. Kazi yako imekwisha." Saidi aliuliza sababu. Hakuambiwa. Karani wa mshahara alimpa karatasi na wino. "Weka dole hapa, uchukue mshahara wako wa mwezi huu," alisema karani. Saidi aliweka dole. Alipewa fedha na nakala ya karatasi. Aliikunja, akaitia mfukoni, akarudi kijijini.

Alikaa nyumbani siku nyingi. Mkewe alipomwuliza, alijibu, "Ndizo kazi za watu. Zikiisha zimeisha."

Jioni moja Saidi alipita kwa jirani yake, Mama Zaina. Mama Zaina alikuwa anasoma katika darasa la watu wazima, mwaka wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Mama, naomba unisomee karatasi hii. Ninayo tangu nilipoondoka shambani."

Mama Zaina alikaa mlangoni penye mwanga. Aliweka kidole chini ya maneno, akasoma polepole: "Mimi, ni-me-a-cha kazi, kwa hi-a-ri yangu. Si-dai ki-tu cho-cho-te."

Saidi alinyamaza. Kisha alisema, "Soma tena, mama."

Mama Zaina alisoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Mimi sikuacha kazi," alisema Saidi. "Nimefukuzwa."

"Na dole hili ni la nani?"

"Ni langu."

Usiku ule ule walikwenda kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu aliisoma karatasi, kisha akauliza swali moja tu: "Ulifukuzwa lini?" Saidi alihesabu kwa siku za gulio. Zilikuwa siku 19.

"Basi umebakiwa na siku 11," alisema mwalimu. "Tusipoteze hata moja."

Kwa nini siku 11? Kabla ya kujibu, tuitazame sheria yenyewe na mahali ilikotoka.

TULIKOTOKA

Wakati wa utawala wa Waingereza, mashamba ya mkonge yalitumia kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku mtu alipomaliza kazi yake, kadi ilitiwa alama. Alilipwa mshahara kadi ilipojaa. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, kama Kigoma. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Wengi wao hawakujua kusoma. Mtu alibeba mshahara wake mfukoni katika kadi ambayo mwenyewe hakuweza kuisoma.

Baada ya Uhuru sheria zilianza kubadilika. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi wasifukuzwe ovyo. Sheria hiyo ilileta kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria mpya, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6. Hiyo ndiyo inayotumika Tanzania Bara mpaka leo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Sheria hii imerekebishwa mara kadhaa. Mwaka 2025, kwa mfano, ilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti apate muda zaidi wa kumlea. Tena, mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mtu wa kijijini anaweza kueleza shauri lake kwa lugha anayoielewa.

KARATASI INAYOTAKIWA NA SHERIA

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Maelezo hayo yatolewe kazi inapoanza. Hata kibarua anahusika, ila yule asiyefika siku 6 za kazi kwa mwezi. Karatasi iwe na mambo haya:

1. Jina la mfanyakazi, umri wake, jinsia yake na anwani yake.
2. Mahali alipoajiriwa.
3. Kazi atakayoifanya.
4. Tarehe ya kuanza kazi.
5. Aina ya mkataba na muda wake.
6. Mahali pa kazi.
7. Saa za kazi.
8. Mshahara, namna unavyohesabiwa, na malipo mengine.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Sheria inasema hivi: kama mfanyakazi haelewi maelezo hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo kusema "Naomba nisomewe" si aibu, wala si ukorofi. Ni haki.

Je, kama mwajiri hakukupa karatasi kabisa? Watu wengi hufikiri, "Sina karatasi, basi sina haki." Sivyo. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri hana karatasi, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwaje. Ukisema mshahara wako ulikuwa kiasi fulani, naye akakataa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Sheria imeuweka mzigo huo kwa mwenye ofisi, mwenye karani na mwenye kabati la mafaili.

SAA, MAPUMZIKO NA MSHAHARA

Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa wiki. Siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki. Kazi ya ziada ifanywe kwa makubaliano. Malipo ya saa ya ziada ni saa moja na nusu kwa kila saa moja. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apewe mapumziko ya saa moja.

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mama anayejifungua hupewa siku 84 zenye malipo. Akijifungua watoto pacha, hupewa siku 100.

Mshahara ulipwe pamoja na karatasi inayoonyesha hesabu yake: kiasi gani umepata, na kiasi gani kimekatwa. Mwajiri hawezi kukata mshahara apendavyo. Makato ni yale yanayoruhusiwa na sheria, au yale uliyokubali kwa maandishi. Tuseme umeharibu chombo cha kazi. Kwanza uelezwe kwa maandishi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Ukiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hachangii hata senti moja. Akikwambia mtu kwamba umekatwa fedha za mfuko huo, ujue hilo si halali.

KAZI IKIKOMA

Mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi. Lakini awe na sababu ya haki, na afuate utaratibu wa haki. Mtu aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza. Kinga hii inamhusu aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi.

Atoe notisi kwa maandishi, aeleze sababu na tarehe. Baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au zaidi. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki hupewa siku 4 au zaidi. Mwajiri akitaka mtu aondoke siku ile ile, alipe mshahara wa siku za notisi.

Mfanyakazi anayeondoka alipwe mshahara wa kazi aliyokwisha kuifanya, na likizo ambayo hakuichukua. Apewe pia cheti cha kazi. Kama aliajiriwa mbali na mahali pa kazi, mwajiri amgharamie safari ya kurudi alikoajiriwa. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi, kisha akaachishwa bila kosa lake, hupata kiinua mgongo. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10.

Na kama umefukuzwa bila haki? Peleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ipo fomu ya kujaza. Shauri la kufukuzwa lipelekwe ndani ya siku 30. Mashauri mengine, kama mshahara usiolipwa, yapelekwe ndani ya siku 60. Ukichelewa, itabidi uieleze Tume sababu ya maana. Tume inaweza kuikubali au kuikataa.

Sasa unaelewa hesabu ya mwalimu: 30 kutoa 19 ni 11.

SAIDI MBELE YA TUME

Saidi, Mama Zaina na mwalimu walijaza fomu. Saidi aliipeleka siku ya 24. Hakuwa peke yake. Mtu anaweza kusindikizwa na wakili, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe.

Kwanza hukutana na msuluhishi. Msuluhishi hahukumu. Kazi yake ni kuwapatanisha. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi, naye hutoa uamuzi.

Mtu wa shamba alionyesha karatasi yenye dole. Msuluhishi alimwuliza, "Alisomewa kabla ya kutia dole?" Mtu wa shamba hakuwa na jibu. "Karatasi yake ya kuajiriwa iko wapi?" Haikuwapo. "Notisi iko wapi?" Haikuwapo. Lile dole moja lilibaki peke yake.

Siku ile walipatana. Saidi hakurudi kazini. Lakini alilipwa fedha za notisi, likizo yake na kiinua mgongo cha miaka 4. Tena alipewa cheti cha kazi. Alipofika nyumbani alimwambia Mama Zaina, "Kama ungekuwa hujui kusoma, mama, tungesema ni bahati mbaya." Mwezi uliofuata Saidi alianza kuhudhuria darasa.

TUSAIDIANE KAZINI

Mtu mmoja akijua kusoma, asijisomee peke yake. Mahali pa kazi msaada mkubwa ni huu:

Msomee mwenzako karatasi yake kabla hajatia dole. Soma maneno yote, hata yale madogo ya chini.

Mwonyeshe namna ya kuandika katika daftari: tarehe aliyoanza kazi, siku alizofanya kazi, saa za ziada, fedha alizopokea. Daftari la shilingi chache linaweza kuokoa mshahara wa miezi.

Mwajiri anatakiwa kubandika tangazo la haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Kama lipo, lisomeni pamoja wakati wa mapumziko. Kama halipo, ulizeni kwa adabu.

Jiungeni na chama cha wafanyakazi. Hiyo ni haki yenu kwa sheria. Mtu mmoja akiuliza huonekana mkorofi. Wengi wakiuliza kwa utaratibu, husikilizwa.

Na mwenzako akifukuzwa, usiishie kumpa pole. Mwulize kama mwalimu alivyouliza: "Ni siku ya ngapi leo?"

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usitie dole wala sahihi kabla ya kusoma au kusomewa.
2. Omba nakala ya kila karatasi, uitunze mahali pakavu.
3. Kukosa karatasi si kukosa haki.
4. Shauri la kufukuzwa ni siku 30. Hesabu tangu siku uliyoachishwa kazi.

MASWALI

1. Saidi alikosea wapi? Mwajiri wake alikosea wapi?
2. Taja mambo matano yanayotakiwa kuwa katika karatasi ya kuajiriwa.
3. Kwa nini sheria imemwekea mwajiri mzigo wa kuthibitisha?
4. Je, katika kijiji chetu yupo aliyewahi kutia dole bila kusomewa? Zungumzeni.

HESABU

Tuseme Saidi alipata shilingi 8,000 kwa siku. Alifanya kazi miaka 4. Kiinua mgongo chake ni shilingi ngapi?

Siku 7 mara miaka 4 ni siku 28. Siku 28 mara shilingi 8,000 ni shilingi 224,000.

Sasa fanya mwenyewe: Mama mmoja alifanya kazi katika shamba la chai miaka 9, akaachishwa bila kosa lake. Alipata shilingi 7,500 kwa siku. Kiinua mgongo chake ni shilingi ngapi?

KUANDIKA

Fungua daftari lako. Andika jina lako, kazi yako, tarehe uliyoanza na malipo yako. Kama hujaajiriwa, mwandikie ndugu aliyeajiriwa, umpelekee.