Zanele Muholi: maswali kuhusu picha zake

Ni nani?
Ni mpigapicha wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Umlazi, Durban, mwaka 1972. Hujiita mwanaharakati wa picha kabla ya kujiita msanii. Hataki kuhesabiwa kuwa mwanamume wala mwanamke, na hapo Kiswahili kinatufaa sana: "yeye" wetu haulizi jinsia.

Anawapiga picha akina nani?
Tangu 2006 anaendeleza mfululizo uitwao Faces and Phases, picha zisizo za rangi za wanawake weusi wanaopenda wanawake, pamoja na watu waliobadili jinsia. Aliyeufungua ni mshairi Busi Sigasa, aliyefariki mwaka uliofuata. Kila picha hubeba jina la aliyepigwa, mahali na mwaka. Zinapotundikwa ukutani kwa safu, huachwa nafasi tupu: nyingine za waliokufa, nyingine za ambao bado hawajapigwa. Nafasi hizo zinaniuma kuliko picha zenyewe.

Kwani sheria haiwalindi?
Inawalinda. Katiba ya 1996 ilikuwa ya kwanza duniani kutaja waziwazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda, na tangu Novemba 2006 ndoa ya jinsia moja ni halali. Lakini Aprili 2008 Eudy Simelane, mwanamke aliyependa wanawake na aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, Banyana Banyana, alibakwa na kuuawa KwaThema, mtaani kwao. Karatasi ya sheria haimsindikizi mtu usiku. Kwa hiyo Muholi huwapiga picha wangali hai, wamependeza, wanakutazama machoni.

Amewahi kupingwa?
Sana. Mwaka 2009 waziri wa sanaa wa nchi yake alitoka kwenye maonyesho yaliyokuwa na picha hizo, akidai zinakiuka maadili. Aprili 2012 wezi walivunja nyumba yake Cape Town wakabeba diski zilizohifadhi kazi ya miaka mingi. Akaendelea kupiga picha.

Ile picha ya vibanio vya nguo ina maana gani?
Inaitwa Bester I. Aliipiga mwaka 2015 huko Mayotte, yaani Maore, katika visiwa vya Komoro, na aliyemo ni yeye mwenyewe. Nywele zimejaa vibanio vya kuanikia nguo, vingine vinaning'inia masikioni kama hereni. Kwa mbali ungeapa ni taji la malkia. Midomo imepakwa weupe. Ngozi imekolezwa weusi kwa makusudi wakati wa kuiandaa picha. Bester ni mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwa familia ya Wazungu kwa zaidi ya miaka 40. Vibanio ndivyo vilivyokuwa mikononi mwake kila siku ya kufua, na mwanawe amevipandisha kichwani. Sijaona heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mtoto amempa mama kwa kamera.

Je, ndiye wa kwanza kupiga picha za aina hii?
Hapana. Rotimi Fani-Kayode, Myoruba aliyezaliwa Lagos mwaka 1955 na kukimbilia Uingereza na wazazi wake utotoni, alipiga picha za wanaume weusi akichanganya mapenzi yake na alama za dini ya mababu zake. Alifariki Desemba 1989, akiwa na miaka 34. Autograph, taasisi ya wapigapicha aliyoshiriki kuianzisha London mwaka 1988, ingali inafanya kazi.